Mjomba, usinihesabie vikopo

Shikamoo mjomba,

Nilipokutumia picha ya lile ua la zambarau la kwetu, likiuzwa kwenye vikopo katika duka kubwa la hapa Hannover, Ujerumani, ulicheka: “Limejaa Ulaya nzima, halafu mnanizuia kukata mti wangu eti unalitilia kivuli!” Siku ile nilinyamaza. Leo nakujibu hadharani, maana si wewe peke yako usemaye hivyo.

Kweli limejaa. Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara, milima ya kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani kule Tanga, alilipeleka kwa baba yake. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, hapahapa Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. (Ua la kwetu, jina la wageni. Haya, tuyaache.)

Lakini vikopo hivi huzalishwa kwa majani. Unachomeka jani moja udongoni, linatoa mizizi, unapata mche uleule wa mama yake. Vikopo elfu vinaweza kuwa mmea mmoja uliokatwakatwa. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote. Kule kwetu mwambani, linakoota lenyewe, ni habari nyingine. Nyuki anang'ang'ania vile vifuko vya njano katikati ya ua, anajitikisa kwa kuvuma mpaka chavua inamwagika, kisha anaipeleka kwa jirani. Kila mche una baba na mama, na hakuna wawili waliofanana kabisa. Huenda mmoja wao ndiye atakayestahimili ukame ambao wenzake hawatauweza.

Likizo iliyopita nilipiga magoti pale mwambani juu ya kijito. Mimea mikubwa ilinishinda kuhesabu. Vichanga nilivimaliza kwa vidole vya mkono mmoja. Ukipita njiani unaona mwamba umejaa, kumbe hakuna wa kurithi. Mbegu zake ni laini kama ugoro, hazitoi mizizi pakavu. Zinataka ukoga mbichi na kivuli.

Wewe mwenyewe ulinisimulia jinsi ukungu ulivyokuwa ukikaa mpaka saa nne asubuhi. Joto likizidi, mmea wa milimani hutafuta ubaridi juu. Huu utapita wapi? Juu yake kuna chai, chini mahindi, na Usambara Mashariki yenyewe inaishia kwenye mita 1,500 hivi. Wala usiniambie nirudishe vikopo nipande upya: hivyo vimechanganywa mbegu miaka mingi, vingeharibu na hiyo iliyobaki.

Joto la dunia hatuliwezi, mimi wala wewe. Kivuli cha ule mti tunakiweza. Najua mbao zake ndizo ulizopigia hesabu ya ada ya binamu. Ada ya muhula huu nitaitoa mimi. Iliki yako panda ng'ambo ya kijito, inapenda kivuli vilevile, ila mwambani usiparue.

Nakuja Desemba. Tutahesabu vichanga pamoja, kwa hiyo usisahau miwani.

Mpwa wako