Setilaiti ni za wenyewe, bikoni ni zetu

Mhariri,

Kila mwaka bajeti ya ardhi inaposomwa nakaa karibu na redio nikisubiri neno moja, na kila mwaka naambulia jingine. Nasikia "vifaa vya kisasa". Bikoni, yaani zile nguzo za zege zinazoshika alama za vipimo vya ardhi, sijasikia. Nimepima ardhi zaidi ya miaka thelathini, sasa nimestaafu, hivyo naomba nafasi kidogo kwenye safu yako nieleze kinachonikera.

Jumanne ya tarehe 2 Mei 2000, saa moja na dakika chache asubuhi kwa saa zetu, Marekani iliondoa kasoro iliyokuwa ikiitia kwa makusudi kwenye mawimbi ya GPS, mfumo wake wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo. Kabla ya hapo jeshi lao lilipata vipimo vizuri, sisi wengine tukapewa vinavyoweza kukosea hata mita 100. Mwaka 1999 niliweka kipokezi changu cha mkononi juu ya bikoni moja nje kidogo ya Morogoro, nikaenda kula wali maharage. Niliporudi, vitone vya vipimo kwenye kioo chake vilikuwa vimetapakaa eneo la uwanja wa mpira, na bikoni imetulia palepale. Baada ya Mei ile nikarudia juu ya bikoni ileile. Vitone vikajikusanya mahali pa kutosha kibanda cha mlinzi. Kipokezi kilikuwa kilekile, hata betri zilikuwa za aina ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa Rais Clinton huko Washington.

Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wanauona usahihi wa GPS kama jua, kwamba lazima kutakucha. Ni sera ya serikali ya watu wengine. Ahadi ya kuwaachia raia huduma hiyo aliitoa Rais Reagan mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kupotea njia, kuingia anga ya Usovieti na kutunguliwa, wakafa watu 269. Mwaka 2007 wakatangaza kwamba setilaiti za kizazi kipya hazitawekewa kabisa uwezo ule wa kupotosha vipimo, na ya kwanza ikarushwa Desemba 2018. Sheria yao inataka raia wahudumiwe bila ada. Kwa hilo tuwashukuru. Lakini Februari 2020 rais wao mwingine alitia saini amri ya kuhimiza wenye mitambo ya umeme, mawasiliano na usafiri wasiegemee huduma hiyo peke yake. Mwenye kisima naye anaweka maji ya akiba. Ulaya walilionja Julai 2019, pale Galileo, mfumo wao wa setilaiti kama GPS, ilipokatika karibu wiki nzima, setilaiti ziko salama huko juu, tatizo liko kwenye mitambo ya chini.

Na huku chini ndiko ninakotaka tutazame. Kipokezi cha leo kinasikia setilaiti za Marekani, Urusi, Ulaya na China kwa pamoja. Ukikinunua, kisasa chote cha angani unakipata bure. Kisasa cha ardhini hakiji ndani ya boksi.

Miaka michache iliyopita niliitwa kijiji kimoja mkoani Lindi kusuluhisha mpaka. Vijana wa kampuni moja walikuja na vipokezi vya bei mbaya, wakaingiza namba walizosoma kwenye ramani ya zamani, wakafuata mshale hadi mwisho, wakasimika mawe. Mpaka ukahamia kaskazini karibu mita 300, katikati ya mikorosho ya kijiji jirani. Mzee mwenye mikorosho hakupiga kelele. Alinishika mkono akanipeleka kwenye mti mmoja mkubwa, akaniuliza, "Huu nao, mwanangu, umetembea?"

Mti haukutembea. Ramani zetu nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, GPS inahesabu kwa mwingine, WGS 84, na kwa sehemu zetu hizi namba zilezile katika mifumo hiyo miwili zinakupeleka mahali pawili tofauti. Tangu 2011 Tanzania ina mfumo wake mpya, TAREF11, unaokubaliana na setilaiti. Ni kazi nzuri. Ila bado naletewa hati na michoro yenye namba tupu, haikuandikwa ni za mfumo upi. Ni kama kuambiwa bei ni hamsini bila kutajiwa kama ni shilingi au dola. Kulirekebisha hili hakuhitaji mkopo wala mfadhili. Unatosha waraka wa ukurasa mmoja: hati isiyotaja mfumo wa vipimo isigongwe muhuri.

Kuna pia suala la anga letu. Jua likishazama, hewa ya juu kabisa katika nchi zilizo karibu na ikweta huchafuka, na mawimbi ya setilaiti hutetemeka kama picha ya televisheni yenye antena mbovu, hasa karibu na Machi na Septemba. Wapima kipokezi kikishatulia husema kimepata fiksi. Mtaani fiksi ni uongo, na jioni za Machi maana zote mbili huwa kweli. Dawa yake mojawapo ni kituo cha kudumu kilicho jirani, kinachosikiliza setilaiti usiku na mchana na kukuonyesha kosa la saa ile. Vituo vya namna hiyo vipo nchini. Kupata data zake, ofisi moja ya umma iliwahi kunitaka niandike barua, nisubiri, nirudi wiki ijayo, nisubiri tena. Mawimbi ya Marekani yananifikia bila barua, ya kituo kilichojengwa kwa kodi yangu yananitaka muhuri! Serikali ikiziweka data hizo wazi kwenye mtandao, bila malipo, itawasaidia wapima wa hatimiliki za kimila kuliko shehena nzima ya vipokezi vipya.

Bikoni ya Morogoro niliyoitaja nilipita kuitazama mwezi uliopita. Pamebaki shimo. Wapo wanaoamini chini ya nguzo hizi kuna zebaki au rupia za Mjerumani, wakaja na sululu usiku. Sikushangaa sana, maana hakuna aliyewahi kuwaambia wanakijiji zege lile ni la nini, wala mwenyekiti hajawahi kukabidhiwa alilinde.

Kwa hiyo, Mhariri, kupitia gazeti lako nawauliza wahusika swali moja, nao wakipenda wanijibu hapahapa: kabla hamjanunua vipokezi vingine, mnajua ni bikoni ngapi bado zimesimama?

Mpima ardhi mstaafu,
Morogoro