Msimtafutie mtoto shule ya kuwa wa kwanza

Wanangu, wazazi wa darasa la saba hapa Mabibo, Dar es Salaam,

Marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana tangu mwezi uliopita kila anayepita barazani kwangu akishatoa shikamoo anaunganisha hapo hapo: "Bibi Mwalimu, huyu wangu ana akili sana, nimpeleke wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka koo limekauka. Nimeona heri niandike mara moja, msomeane.

Mtihani ni Septemba, na Januari mtoto anatakiwa awe na tranka na godoro mlangoni pa shule fulani. Katikati hapo ndipo watu wanapokopa, wanapogombana na wake zao, na wanapotekwa na mabango ya barabarani.

Neno langu ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: mtoto mwenye akili msimtafutie shule atakayokuwa wa kwanza. Mtafutieni shule atakayokutana na swali linalomshinda, na mtu mzima wa kukaa naye siku hiyo.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilifanya kinyume. Nimefundisha hisabati sekondari miaka 32. Watoto wa watu niliwaona vizuri, wa kwangu nikamkosea. Kitindamimba wangu alikuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza hadi la saba. Alipomaliza nikampeleka shule ya kulipia, ya karibu, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza na inatafuta watoto wa kuipandisha jina. Walimpokea kama bwana harusi. Wakampunguzia ada, wakaweka picha yake kwenye kalenda ya shule. Akaendelea kuwa wa kwanza bila kutoka jasho, nami nikawa natembea Mabibo nzima na hiyo kalenda.

Kidato cha tatu fizikia ikamgomea. Sikujua. Nilikuja kujua siku nikitafuta karatasi ya kufungia karanga, nikashika daftari lake nikaliona jembamba. Alikuwa akiutoa kila ukurasa wenye makosa, kwa rula, taratibu, mpaka huwezi kuona palipokatwa. Daftari zima limebaki vema tupu. Mtoto wa mwalimu wa hisabati, jamani! Miaka tisa ya kusifiwa ilikuwa imemfundisha kwamba kukosea ni aibu ya kufichwa. Leo ni mtu mzima, ana duka lake la vifaa vya umeme, anakula na wanawe na hanidai kitu. Lakini daftari lile ninalo hadi leo, na anayetaka kuliona aje.

Sasa tuje kwenye shule zenyewe.

Serikali ina shule saba ambazo watu huziita za vipaji maalumu. Za wavulana ni Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Tabora Wavulana. Za wasichana ni Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Hakuna fomu ya kununua wala intavyuu. TAMISEMI, ile wizara inayopangia watoto shule za serikali, wanaangalia alama za darasa la saba, masomo sita ya alama 50 kila moja, jumla 300, wanawachukua wa juu kabisa. Ada hakuna tangu 2016, na chakula cha bweni kinabebwa na serikali. Mzazi unanunua mahitaji yaliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, unalipa nauli, basi.

Mwanao akichaguliwa huko, mshukuru Mungu, halafu ujiandae kwa simu ya mwezi wa tatu. Itakuja. Mtoto aliyezoea namba moja atakuambia amekuwa wa 54. Atalia. Atasema chakula kibaya, na huenda ni kibaya kweli. Baba mmoja hapa mtaani, sitamtaja, alipanda basi siku hiyo hiyo akaenda kumchukua wake. Namwambia mbele yenu: uliharakisha, baba. Ule u-54 ndio ulikuwa dawa yenyewe. Amekaa chumba kimoja na watoto 53 wanaomzidi na bado ni wa darasa lake, wanaulizana maswali usiku, anagundua kwamba mwenzake naye hukosea na anafuta tu anaanza upya. Hicho huwezi kukinunua kwa twisheni ya Sinza.

Akina mama mnaoogopa umbali nawaelewa. Kibaha ni pua na mdomo. Morogoro, kwa maana ya Mzumbe na Kilakala, unakwenda na kurudi siku moja. Msalato iko Dodoma, na tangu 2024 treni ya umeme inakufikisha kabla chai haijashuka tumboni. Tabora ndiyo mbali, sikatai. Ila Mwalimu Nyerere alitoka kwao Butiama akaenda kusoma Tabora mwaka 1937, na mama yake hakuwa na simu ya kumpigia matroni.

Hata hivyo bweni si la kila mtoto. Mwenye pumu inayombana kila wiki, aliyerushwa madarasa akafika la saba bado mdogo, au anayekojoa kitandani (msicheke, wapo, na wana A tupu), huyo mfikirieni mara mbili. Na muulizeni mwenyewe. Ni ajabu, kati ya wazazi wote waliokuja barazani, ni wawili tu walikuja na mtoto.

Shule za kulipia ndizo zinazowasumbua zaidi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) limeacha kutangaza shule kumi bora. Nilifurahi, lakini mabango hayakusikia. Tokeni hapo Ubungo mhesabu: kila shule ina divisheni wani za kutisha. Mimi sisemi wanadanganya. Nasema bango linaonyesha waliofika, halionyeshi walioachwa njiani. Kuna shule zenye wastani wake wa ndani; mtoto asipoufikia, anaambiwa akariri darasa, ahame, au akasajiliwe mtihani kwingine. Mwisho wa safari wanabaki wale ambao hata wangesomea chini ya mwembe wangefaulu.

Kuwagundua ni rahisi, na hakuhitaji umjue mtu. Matokeo ya NECTA yako wazi kwenye tovuti yao. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule unayoitaka, tuseme ya 2022, uhesabu watoto. Kisha fungua ya kidato cha nne ya 2024, shule hiyo hiyo. Ni kundi lile lile, limekua miaka miwili. Kama walikuwa 120 wakabaki 83, nenda kwa mkuu wa shule ukamwulize kwa heshima: hawa 37 wako wapi? Wachache huhama kwa sababu za kawaida, baba kahamishwa kikazi, ada imeshindikana. Lakini 37! Akikujibu kwa utulivu, akakueleza mmoja mmoja, mkalishe moyoni. Akikuonyesha maabara ya kompyuta, chukua mkoba wako.

Na mkipewa punguzo la ada kwa sababu mtoto ana akili, ombeni masharti kwa maandishi. Wastani ukishuka punguzo linafutwa? Kama linafutwa, mjue mmemtwika mtoto wa miaka 13 ada ya nyumba nzima kichwani. Wa kwangu alikuwa amebebeshwa huo mzigo nami sikujua; nilidhani ni zawadi.

Msiende siku ya wazazi, siku hiyo hata mbuzi wa shule wanaogeshwa. Nendeni Jumatano saa tano. Ombeni kuona daftari la hisabati la mtoto wa kawaida wa kidato cha pili, si la yule wa kwanza. Mkikuta makosa yamesahihishwa, na chini yake mtoto amerudia swali, na mwalimu amepita tena, hapo pana watu. Mkikuta vema za kupitisha mkono, mmeshajua.

Jambo jingine ambalo sisi wa Kayumba, yaani shule za msingi za serikali, hatulisemi kwa sababu linatuuma: lugha. Mwanao amesoma kwa Kiswahili miaka saba, anajua mzunguko wa damu kuliko mimi. Januari anaingia darasa ambalo kila kitu ni Kiingereza. Amekaa na wenzake waliotoka shule za Kiingereza tangu chekechea, wanaongea kama redio. Yeye ananyamaza. Mwalimu mgeni anaona kimya, anaandika "mzito". Nimewaona wengi waliozikwa na hicho kimya kidato cha kwanza, wakafufuka kidato cha tatu, wengine hawakufufuka. Kwa hiyo mtihani wa Septemba ukiisha, msimwache mtoto akae mbele ya katuni hadi Januari, wala msimpeleke kwenye hizo kambi za kukaririshwa topiki za kidato cha kwanza. Mpelekeni Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Asome hadithi za Kiingereza, vitabu vyembamba vyembamba, vingi. Asome kwa sauti nyumbani hata kama hamwelewi anachosoma. Mimi mwenyewe nilifanya mtihani wa darasa la nne wa kuingia shule ya kati, enzi hizo ambapo wachache tu ndio waliopata nafasi ya la tano hadi la nane, na kilichonipitisha ni gazeti kuukuu la Kiingereza lililofungiwa sukari ya baba. Nililisoma mpaka likatoboka.

Yule mama wa kijana anayefungua redio za watu, hili ni lako. Umekataa kusikia habari za shule za ufundi kwa sababu unasema akili zake ni za daktari. Nani kakuambia fundi hahitaji akili? Tanga, Moshi, Ifunda, Iyunga, Bwiru, Mtwara, Musoma, hizo ni shule za ufundi za zamani, na mtoto akitoka huko akiwa na alama nzuri anaweza kuendelea kidato cha tano kama wengine au kwenda DIT, ile taasisi ya teknolojia hapo mjini. Na tangu 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa kujifunza ufundi na kazi, kidato cha kwanza kando ya mkondo wa jumla. Mtoto ambaye kila akiona kitu anauliza kinafanyaje kazi, ukimpeleka mahali pa kukariri tu, anakufa taratibu. Mwache ashike bisibisi.

Na wale ambao hawatachaguliwa mbali, wakapangiwa shule ya kata, msinikunjie uso. Nimemalizia utumishi wangu kwenye shule ya kata moja, darasa lina watoto zaidi ya 80. Kulikuwa na binti akikaa kwenye kizingiti cha dirisha kwa kukosa dawati. Alinifuata akaniambia, "Mwalimu, haya maswali yameisha." Nikawa nampa ya kidato cha tano. Tulikosana sana, alikuwa mbishi, ila alipata anachohitaji: mtu mmoja wa kumshinda. Shule ya kata ukiipata, kazi yako ni kumtafuta huyo mtu mmoja wiki ya kwanza. Jitambulishe kwake. Mwombe namba. Ile fedha uliyotaka kukopa kwa ada, nusu yake tu inatosha vitabu, taa nzuri ya kusomea na nauli. Maana mtoto anayetoka Mbagala saa kumi na nusu alfajiri, konda akimkataa kwa sababu ya nauli yake ya mwanafunzi, anafika shule akili imeshalala. Anayesoma shule ya karibu isiyo na jina wakati mwingine anamzidi huyo anayekwenda mbali kwa saa tatu za usingizi.

Basi. Nipo barazani kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni. Njooni na mtoto, na msiniletee vyeti wala picha za kukabidhiwa zawadi. Nileteeni daftari lake la hisabati, lile la kila siku, nami nitahesabu kurasa.

Na wewe wa chapati hapo kona: usitie sahihi ule mkopo kabla ya Jumamosi.

Bibi Mwalimu,
Mabibo