Hoteli za Idd tuuzieni kwa mwezi kuandama, sio kwa kalenda

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee hizi bei za ofa za hoteli zinazoandikwa pesa hairudi, maana Idd el Fitr iliyopita zimenikamata na najua siko peke yangu.

Plani yangu ilikuwa Idd Mosi tule kwa bibi yao watoto hapa Temeke, Idd Pili asubuhi tupande boti twende Unguja tukalale Nungwi siku mbili. Kwenye simu chumba kina bei mbili, sh 180,000 kwa usiku unakanseli bure mpaka masaa 24 kabla, na sh 150,000 unalipa hapohapo ukighairi imekula kwako. Nikaona siku mbili naokoa elfu 60, si hela ya urojo na pweza Forodhani hiyo, nikalipa ya rahisi huku nahesabu mfungo wa siku 29.

Mwezi haukuandama.

Tukakamilisha 30, na siku ya kuingia hotelini ndo ikawa Idd Mosi yenyewe, sasa nani wa kumwambia mama pilau lako tutalikuta? Nikapiga simu hotelini, dada wa mapokezi mpole kabisa akasema usiku wa kwanza ndo umeenda hivyo, ila nimefanya vizuri kupiga maana ningenyamaza wangehesabu sijatokea na wa pili nao wangeuuza. Tulivyofika watoto wakagoma kulala siku moja tu, nikaongeza usiku kwa 180,000. Jumla 480,000 kwa kitu cha 360,000.

Sisemi ofa ni wizi. Kama unaenda harusini, tarehe iko kwenye kadi na likizo imeshasainiwa, chukua hiyo ya rahisi. Ila safari inayosubiri mwezi ni kamari, na hata hiyo ya kukanseli soma masaa vizuri: tangazo la mwezi tunalipata usiku, mimi yalikuwa yamebaki kama masaa 42 kufika saa nane mchana ya kuingia, kwa hiyo ya masaa 24 ingeniokoa lakini ingekuwa ya 48 mlango ungekuwa umeshafungwa.

Sasa wenye hoteli, Idd el Fitr miaka hii inaangukia Machi, wageni wa nje wanaanza kupungua, sisi wa bara ndo tunakuja. Kwa nini msituuzie "usiku wa Idd Pili" badala ya tarehe, mwezi ukichelewa na chumba kinasogea siku moja? Pesa kaeni nayo, wala siidai. Maana yule dada aliniambia chumba changu usiku ule kilikuwa kitupu na vya jirani vilevile, wenyewe tulikuwa Dar tunakula pilau.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam