Hesabu ya Bei ya Picha Zako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Baba yako na mimi tu wazima, na tumefurahi kusikia kwamba tangu uhamie Bagamoyo hukosi arusi ya kupiga picha. Ila neno moja katika simu yako ya juzi limeninyima usingizi: kwamba arusi ya Jumamosi uliipiga kwa shilingi 150,000, ukaona kuwa ni pato zuri la siku moja. Haikuwa siku moja, mwanangu. Ulisimama tangu bibi arusi akipambwa hadi usiku, kisha ukakaa siku tatu mbele ya kompyuta ukichambua na kuhariri, ndipo ukaenda Dar es Salaam kusafisha picha za albamu.

Haya nilifunzwa na cherehani. Nilipoanza kushona nilihesabu kitambaa, uzi na vifungo, lakini cherehani yenyewe sikuihesabu kwa kuwa nilikwisha kuinunua. Mota ilipokufa sikuwa na akiba ya kununulia nyingine, na sare za watu zikalala mezani. Kamera nayo huliwa na kazi. Zipo ambazo shata yake, yaani kile kilango cha ndani kinachofunguka na kujifunga kila unapopiga picha, watengenezaji huipima kwa mibofyo 150,000, na arusi moja yaweza kula 2,000.

Basi chukua kalamu. Ulinieleza kuwa chumba, chakula, umeme na bando hukugharimu 600,000 kwa mwezi. Kamera na lenzi ulivinunua kwa 3,600,000, na ukitaka kuvibadilisha baada ya miaka mitatu, huna budi kuweka kando 100,000 kila mwezi. Kwa mwaka mzima hizo ni 8,400,000. Usizigawanye kwa wiki 52, kwa maana arusi za pwani hufuata kalenda: Shaaban utaitwa hata mara mbili kwa wiki, na Ramadhani utakaa bure. Tukikadiria arusi 30 kwa mwaka, kila moja sharti ikuachie 280,000 baada ya kutoa nauli, ujira wa msaidizi na gharama za kusafisha picha, na hapo bado hatujagusa kodi wala siku za ugonjwa. Kwa hiyo arusi ile uliifanya kwa hasara.

Jamaa watakuomba uwafikirie, nami sikukatazi. Andika bei kamili kwenye karatasi, kisha chini yake andika kiasi ulichowapunguzia, ili wajue kuwa umewatunza, na atakayekuja baada yao asidhani hiyo ndiyo bei yako. Nusu ya malipo ipokee kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu hoteli inayotaka picha za ufukwe kwa matangazo, usiwatoze kama arusi. Picha ni mali yenye hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua hivyo. Waulize watazitumia wapi na kwa muda gani, kwani picha ya mwaka mmoja mtandaoni haiwezi kuwa sawa na ya bango la barabarani kwa miaka mitano; majibu yao yaandikwe katika mkataba kabla hujatoa kamera mkobani.

Nimekutumia kwa basi daftari langu la hesabu za ushonaji. Kurasa za nyuma ni tupu, andika humo gharama za arusi ya wiki ijayo, nauli ya bodaboda ikiwemo, kisha unisomee kwa simu kabla hujawatajia bei.

Mama yako.