Kwa nini Vim yako imeanza kusahau

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini Vim, programu yako ya kuandikia maandishi, tangu uitengenezee .vimrc ya kwako (faili ya mipangilio yake), kila ukifungua faili inakutupa mstari wa kwanza, ilhali zamani ilikupeleka pale pale ulipoishia. Hujaharibu kitu. Mimi mwenyewe hilo lilinizungusha jioni nzima, nikafuta .vimrc yangu nusu nikitafuta kosa ambalo halikuwemo.

Tangu toleo la 8, la mwaka 2016, Vim huja na faili yake iitwayo defaults.vim. Humo ndimo ilimo amri ya kurudisha kishale, ile alama ya mahali unapoandika, pale ulipokiacha. Ila faili hiyo husomwa tu iwapo huna .vimrc. Ukishaunda ya kwako, hata ikiwa tupu kabisa, Vim huona mwenye nyumba kafika, nayo defaults.vim huwekwa kando. Mimi naona ni uamuzi wa ajabu, maana anayeadhibiwa ni yule aliyeanza kujifunza.

Dawa ni mistari miwili, iweke juu kabisa ya .vimrc ili utakayoandika chini yake yawe na neno la mwisho:

unlet! skip_defaults_vim
source $VIMRUNTIME/defaults.vim

Funga, fungua tena, kisha andika :scriptnames. Utaona orodha ya kila kilichosomwa Vim ilipowaka; defaults.vim isipokuwemo, umekosea tahajia mahali. Na usishtuke ukiandika ujumbe wa git (programu ya kutunza matoleo ya kazi yako) ukajikuta mstari wa kwanza: hapo watengenezaji wa Vim wameizuia amri hiyo makusudi, kwani ujumbe ni mpya kila mara. Jambo jingine, kumbukumbu yenyewe ya ulipoishia hukaa kwenye faili ya .viminfo, kwa hiyo usiifute ukifanya usafi.

Kuhusu kufungua faili kadhaa kwa mpigo: vim -p huziweka kwenye vichupo, vim -O huzipanga ubavu kwa ubavu. Mimi ni mtu wa -O, vichupo hunifanya nisahau nilichofungua. Ukitaka mstari fulani, vim +120 ripoti.txt, na alama ya + peke yake hukushusha hadi mwisho wa faili, inanifaa sana kwenye daftari langu la kazi.

Ukichoka kupanga madirisha yale yale kila asubuhi, andika :mksession kabla ya kutoka, ili mpangilio huo uhifadhiwe kama kikao, kesho yake ufungue kwa vim -S ukiwa kwenye folda ile ile. Tahadhari moja: kikao hicho hubeba pia mipangilio ya siku ulipokihifadhi. Ukibadili .vimrc baadaye, ya zamani itarudi na kuifunika mipya, nawe utaapa kompyuta ina pepo. Ongeza set sessionoptions-=options kwenye .vimrc, halafu hifadhi kikao upya kwa :mksession! yenye alama ya mshangao.

Ikikataa, nitumie .vimrc yako nzima, usinikatie vipande kama mara ile.

Wako wa siku zote