Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu na Minnette de Silva

Wanachama wenzangu wasanifu majengo, hamjambo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, naye ana ya kwake ya kusema kuhusu ada, kwa hiyo simwingilii. Mimi nimeshika vikao vyetu vya kila mwezi, ambavyo mwaka huu tulivitoa vyote kwa mtu mmoja: Minnette de Silva, msanifu majengo wa Sri Lanka. Wapo walionung'unika, "Mwaka mzima, mtu mmoja?" Hao hao ndio baadaye mlinzi alikuwa akiwazimia taa ili watoke.

Kwa waliokosa vikao vya mwanzo: alizaliwa mji wa Kandy mwaka 1918, nchi ikiitwa Ceylon na ikitawaliwa na Waingereza. Mama yake, Agnes, alikuwa mmoja wa wanawake waliodai haki ya kura, wakaipata mwaka 1931. Binti alikwenda kusoma Bombay, akafukuzwa chuoni kwa kujiunga na waliodai Gandhi aachiliwe. Akamalizia masomo London, na mwaka 1948 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Asia kupokewa kuwa mwanachama wa taasisi ya kifalme ya wasanifu wa Uingereza. Angeweza kubaki huko. Mwaka uliofuata alikuwa amerudi Kandy, ofisi ameifungua nyumbani kwa wazazi wake.

Kazi yake ya kwanza, nyumba ya familia ya Karunaratne, ilimalizika mwaka 1951 kwenye mteremko mkali. Tuliichambua ramani yake vikao viwili. Zege ipo, vioo vipo, yote ya kisasa kama alivyoyaona Ulaya. Lakini milango ameivika mikeka ya wafumaji wa Dumbara, bonde la jirani na Kandy, vigae vya udongo amewapa mafundi wa kwao wavichome, na ukutani sebuleni mna mchoro wa George Keyt, mchoraji wa nchi hiyo. Hakuwaita mafundi hao nyumba ikiisha, waje kupamba. Walikuwamo tangu ramani inachorwa. Mwenzetu mmoja wa Lamu alisema, "Sisi ukili tunao, na bado tunautandika chini tu." Tulicheka, kisha tukanyamaza kidogo.

Nyumba ya Pieris, Colombo, ilituletea ubishi. Ameiinua juu ya nguzo ili upepo upite chini, na ndani ameacha uwanja ulio wazi juu, ambao kwao huitwa midula. Nilisema ni kile kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba zetu za kale. Nikapingwa: kiwanda chetu kimefichwa nyuma ya daka, ukumbi wa mlangoni, ili mgeni asione ndani, huo wake umefunguka kwa kila aingiaye. Ubishi haukuisha na sikutaka uishe. Joto na unyevu wa Colombo tunaujua hapa Mombasa, na wateja wetu bado wanataka madirisha yasiyofunguka, halafu wanalalamikia bili ya umeme.

Lakini iliyonigusa zaidi ni Watapuluwa, makazi ya ushirika ya watumishi wa umma karibu na Kandy, yaliyojengwa kati ya 1955 na 1958, nyumba zaidi ya 200. Kabla ya kuchora aliwapelekea watu orodha ya maswali: mnaishi wangapi, mnapikaje, mna pesa kiasi gani. Majibu hayo ndiyo yaliyompa aina za nyumba. Miti haikufyekwa ovyo wala kilima hakikusawazishwa. Mimi nina miaka mingi katika kazi hii na nakiri kwamba nimechora majiko ambayo sikuwahi kumuuliza mpishi hata mmoja.

Yalimkuta tunayoyajua sisi wasanifu wanawake. Mwaka jana nilifika saiti na ramani mkononi, fundi akatazama nyuma ya bega langu na kuuliza bosi atafika saa ngapi. De Silva aliishi na swali hilo maisha yake yote, hata alipokuwa bosi mwenyewe. Leo ukitaja usanifu wa kisasa wa Sri Lanka, jina la kwanza kutajwa ni Geoffrey Bawa, naye alikuwa fundi kweli, simpunguzii. Ila Bawa alihitimu mwaka 1957, nyumba ya Karunaratne ikiwa na miaka 6.

De Silva alifariki Kandy mwaka 1998, hali yake ya fedha ikiwa duni. Medali ya dhahabu ya wasanifu wa nchi yake aliipata mwaka 1996, miaka miwili tu kabla. Nyumba ya wazazi wake, iliyokuwa ofisi yake, iliachwa ikawa gofu. Mengi tunayoyajua juu yake ni kwa sababu alikusanya mwenyewe barua, picha na ramani akazitia kitabuni uzeeni.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura leo: kila mwanachama alete nakala ya ramani za kazi zake, hata banda la kuku, zihifadhiwe katika kabati la chama. Kabati tumelipata, la chuma, lina kutu kidogo pembeni. Ufunguo mmoja atakaa nao katibu, wa pili mwenyekiti mtakayemchagua baada ya chai. Za kwangu nimekuja nazo, zimo kwenye ule mfuko wa buluu mlangoni, pamoja na yale majiko.