Chumba cha michezo cha watoto kifuate hali ya hewa ya Pwani

Kwa Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa nyumba na familia kuhusu kupamba chumba cha michezo cha watoto kwa mtindo wa Skandinavia. Kwa kuwa nimefundisha chekechea hapa Mombasa kwa miaka mingi, naomba nafasi nieleze jambo ambalo makala hiyo haikuligusa.

Mtindo ule umetokana na giza la kipupwe cha nchi za kaskazini mwa Ulaya. Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, mwezi wa Desemba hupata saa 6 hivi tu za mchana, na ndiyo sababu watu wa Uswidi, Denmaki na Norwei walizoea kupaka kuta nyeupe na kutumia mbao za msonobari zenye rangi hafifu, ili mwanga mdogo unaoingia dirishani uenee chumba kizima. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta na mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima. Haja yetu ni kivuli, upepo, na vitu vinavyostahimili unyevu wa bahari.

Hasara ya kuiga sura peke yake naijua. Nilipowaandalia wajukuu zangu chumba, nilinunua dukani rafu nyeupe ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, pamoja na zulia la manyoya. Masika yalipokwisha zulia lilikuwa limeota kuvu, na rafu ilikuwa imefura miguuni hata skrubu zikalegea. Jioni moja iliinama upande aliokuwa amekaa mjukuu wangu mdogo. Namshukuru Mungu kwamba mama yake alikuwa karibu akaidaka. Baadaye fundi wa Kisauni alinitengenezea nyingine ya mwarobaini, mbao isiyopendwa na wadudu, ambayo wachonga vinyago wa Changamwe nao huitumia badala ya mpingo na muhugu. Ina kimo cha sentimita 60 na tumeifunga ukutani kwa vyuma. Kwenye sakafu tumetandika mkeka wa ukili, unaokung'utwa na kuanikwa, na mito ya usufi iliyovikwa leso kuukuu.

Kuta nyeupe si ngeni kwetu. Wazee wa Mji wa Kale walipaka chokaa majumbani mwao, na chokaa huruhusu ukuta wa matumbawe kutoa unyevu wake, ilhali rangi ya plastiki huuzuia ndani mpaka ikababuka. Mwenye nyumba ya zamani yenye zidaka, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, ana rafu tayari, wala haina haja ya kufungwa. Anayekwangua rangi ya zamani awaondoe watoto kwanza, kwa maana huenda ina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto.

Lililo bora katika mtindo wa Skandinavia, na ambalo ningependa kila mzazi alichukue, ni heshima yake kwa kimo cha mtoto. Rafu ziko chini, vitu ni vichache na vinaonekana, na katikati ya chumba pameachwa wazi. Darasani niliona mara nyingi kwamba watoto waliopewa kapu lililojaa vichezeo walilimwaga, wakagombana, kisha wakaliacha. Lakini vitu vitano au sita vilivyopangwa mbele yao viliwashughulisha asubuhi nzima, na vingine nilivificha hadi wiki iliyofuata. Mwaka 1972 Peter Opsvik wa Norwei alibuni kiti ambacho kikalio chake na pa kukanyagia hupandishwa na kushushwa kadiri mtoto anavyokua. Hata kampuni ya Lego ya Denmaki ilianza mwaka 1932 katika karakana ya seremala wa mji wa Billund, ikitengeneza vichezeo vya mbao. Maseremala tunao. Wanaweza kutuchongea pia za kuzungusha, magari na vibao vya bao vya kiasi cha mikono midogo, kwa mbao ambazo hazikusafirishwa kwa meli.

Naomba basi, Mhariri, mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii awatembelee mafundi wa Kisauni na Kongowea, atuchapishie vipimo vya rafu na bei za mbao zao, tupate kuagiza rafu hizo kabla ya masika yajayo.

Mwalimu mstaafu wa chekechea,
Kibokoni, Mombasa